Jinsi mkuki unavyoruka, na saiba iliyotoa bingwa

Leo naweka kando programu na seva, tuzungumzie vitu vinavyorushwa. Usiondoke kwanza! Hadithi hii inaanza na kifuniko cha ndoo, inapitia Berlin, na inaishia ndani ya saiba, yaani nyumbani kwetu sisi watu wa kompyuta.

Nilipokuwa mtoto hapa Kisumu tulikuwa tukishindana kurusha vifuniko vya ndoo za rangi. Alasiri, upepo ukitoka ziwani, kifuniko kilipaa, kikaelea, kisha mwishoni kikapinda kushoto na kutua juu ya paa la jirani. Fimbo iliyorushwa na mkono uleule haikufika hata nusu ya safari hiyo. Kwa nini?

Jibu nililipata baadaye nikisoma kuhusu gofu ya visahani. Katika mchezo huo unarusha kisahani cha plastiki hadi kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Mwaka 1983 Mmarekani Dave Dunipace alibuni kisahani chenye ukingo uliochongwa ukawa mwembamba, ili kipasue hewa badala ya kuisukuma. Visahani vya masafa vya leo vimetokana na wazo hilo. Mwaka 2016, katika jangwa la Nevada na upepo ukisaidia, David Wiggins Jr. alirusha kimoja mita 338. Kisahani hicho ni chepesi. Linganisha na mkuki wa wanaume wa gramu 800, ambao rekodi yake ya dunia ni mita 98.48.

Siri ni kwamba kisahani ni bawa. Hewa inakibeba, na kule kuzunguka kunakizuia kisipinduke. Kasi ikipungua, ndipo kinaanza kupinda upande, kama kile kifuniko chetu. Kinategemea hewa mno, kiasi kwamba hapa Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko Mombasa, kisahani kilekile kinawahi kupinda.

Mkuki je? Huo hauna bawa pana. Tabia yake inaamuliwa na nukta mbili. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, pale unapokaa sawa ukiuweka juu ya kidole kimoja. Ya pili ni kitovu cha msukumo wa hewa, pale ambapo nguvu yote ya hewa ni kama imekusanyika. Nukta hizi zikikaribiana, ncha inabaki juu na mkuki unaelea. Ya pili ikiwa nyuma ya ya kwanza, hewa inainua mkia, ncha inainama, na mkuki unachoma ardhi. Historia nzima ya mkuki wa kisasa ni ugomvi juu ya nukta hizo mbili.

Mwaka 1953 Mmarekani Bud Held, akitumia mkuki wenye uwazi ndani uliobuniwa na ndugu yake Dick, alikuwa wa kwanza kuvuka mita 80. Mikuki ikazidi kuelea. Tarehe 20 Julai 1984, mjini Berlin, Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80. Fikiria urefu wa uwanja wa soka! Waamuzi walikuwa na matatizo mawili: uwanja ulikuwa unaelekea kuwa mdogo, na mikuki mingi ilitua ikiwa imelala, watu wakabishana kama ncha imegusa kwanza.

Basi mwaka 1986 sheria ikabadilishwa, kitovu cha uzito kikasogezwa mbele sentimita 4. Rekodi ikaanza upya kwa mita 85.74 za Klaus Tafelmeier. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: unabadilisha namba moja, mfumo mzima unafanya kazi tofauti. Na kama kawaida, watumiaji wakatafuta mwanya. Watengenezaji wakatia mikwaruzo mkiani ili ncha ichelewe kuinama, na mwaka 1991 Seppo Räty wa Finland akafika mita 96.96. Mwaka huohuo mikuki hiyo ikapigwa marufuku na rekodi zake zikafutwa. Jan Železný wa Ucheki alifikisha 98.48 mwaka 1996 kwa mkuki halali.

Sasa turudi kwetu. Kutoka Kisumu, ukiangalia kaskazini, unaona ukuta wa milima ya Nandi. Huko ndiko alikozaliwa Julius Yego mwaka 1989. Nandi ni nchi ya wakimbiaji. Kocha wa mkuki ungempata wapi? Yego alikwenda saiba, akafungua YouTube, akamtazama Železný na Andreas Thorkildsen wa Norway, kisha akaenda kujaribu. Mwaka 2011 alishinda Michezo ya Afrika mjini Maputo. Tarehe 26 Agosti 2015, Beijing, alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya dunia nje ya mbio. Hadi leo ni rekodi ya Afrika.

Maoni yangu ni haya. Mkuki wa zamani ulimpendelea anayejua kuulaza juu ya hewa, na hisia hiyo ya mkono huwezi kuiona kwenye video. Mkuki wa baada ya 1986 unampendelea mwenye kasi. Wapenzi wa hesabu, pigeni wenyewe: bila kuhesabu hewa, kwa pembe ya digrii 36, kasi ya mita 30 kwa sekunde inakupa kama mita 87; ongeza mita 1 tu kwa sekunde, unapata 93. Na kasi inatoka kwenye hatua, kiuno na bega, vitu ambavyo kijana anaweza kuvisimamisha kwenye skrini akavirudia mara mia. Waliosogeza sentimita 4 walitaka kuokoa viwanja. Nadhani bila kujua waliufanya mchezo usomeke kutoka mbali.

Lakini tusijidanganye. Video ilimpa Yego ujuzi, haikumpa vifaa wala kocha. Kocha alimpata alipopelekwa Kuortane, Finland. Shule niliyosoma mimi haikuwa na mkuki hata mmoja. Leo karibu kila mtoto wa huku ziwani ameshika simu ya mtu, na saiba nzima imo ndani yake. Somo lipo bure. Mkuki wenyewe haupakuliwi.

Haya, tuonane wiki ijayo. Na kifuniko cha ndoo kikitua juu ya paa lako, mrudishie mtoto wa watu.