Kanisa la Juu ya Genge

Vilima vyetu vya Kericho na Bomet ni vya mviringo, navyo vimevikwa chai. Mtu huvipanda mikono mitupu. Mlima wa Debre Damo, katika nchi ya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, si wa namna hiyo. Kilele chake ni tambarare kama meza, na pande zake ni genge tupu. Ngazi haipo. Mgeni hufungwa kamba ya ngozi kiunoni, akashika nyingine kwa mikono, akavutwa na watawa mita 15 hivi hadi mlangoni. Nao huvutwa wanaume tu. Mwanamke haruhusiwi kupanda, wala mnyama jike.

Mapokeo husema kwamba mtawa Aregawi, aliyeanzisha makao hayo katika karne ya 6, alipandishwa na joka kubwa. Tuliache joka, tulitazame kanisa, maana kwangu mimi ndilo ajabu zaidi.

Kuta zake ni za mawe na miti kwa zamu: safu kadhaa za mawe, kisha boriti iliyolazwa kuufuata ukuta. Boriti hizo hufungwa kwa vipande vifupi vya mti vinavyoupenya ukuta, na ncha zake zimeachwa zikitokeza nje. Huitwa vichwa vya nyani. Msomaji asidhani kuwa ni pambo. Mawe yaliyoshikwa kwa udongo hutaka kusambaa, na mti ndio unaoyakaza, kama fito zikazavyo udongo katika nyumba ya kale ya Mkipsigis.

Sasa twende Aksum, mji wa wafalme wa kale wa nchi hiyo. Huko iko minara ya jiwe moja moja. Mmoja, wenye urefu wa mita 24 hivi, ulichukuliwa na Waitalia mwaka 1937, ukarudishwa mwaka 2005. Juu yake mafundi walichonga madirisha, boriti, na vichwa vya nyani vile vile, ambavyo katika jiwe zima havina kazi yo yote. Waliiga majumba ya wafalme, nayo majumba yamekwisha kubomoka. Ukutani Debre Damo kazi ya ncha hizo ingali yaonekana.

Watawa huko juu hunywa maji ya mvua kutoka mabirika yaliyochongwa mwambani. Mfalme Lebna Dengel, aliyefukuzwa na majeshi ya Imamu Ahmad, alifia mlimani hapo mwaka 1540. Mwaka 1948 kanisa lilitengenezwa upya chini ya Mwingereza D. H. Matthews. Tena mapema mwaka 2021, katika vita vya Tigray, ikaripotiwa kwamba makao hayo yamepigwa kwa mizinga na kuporwa.