Kutoka Mdundo hadi Neno: Historia Fupi ya Kusikia kwa Umeme

Tarehe 25 Februari 1957, mjini Paris, André Djourno na daktari Charles Eyriès walitia waya wa umeme ndani ya sikio la mtu aliyekuwa kiziwi kabisa. Akapata kutambua mdundo wa usemi na maneno machache aliyozoezwa, mazungumzo hayakumfungukia.

Sababu yake ni ya kifonetiki. Njia moja ya umeme hupitisha muda na nguvu ya sauti, wala haionyeshi vema mahali pa matamshi. *Paka*, *taka* na *kaka* zina mdundo mmoja. Macho huitenga ya kwanza kwa midomo ya msemaji, lakini mbili za mwisho huyachanganya. Kwa hiyo vifaa vya njia moja vya William House, wa Los Angeles, vilidharauliwa na wengi, pengine kupita kiasi, maana mdundo peke yake humsaidia sana asomaye midomo.

Mwaka 1978, huko Melbourne, Graeme Clark alipandikiza elektrodi kadhaa katika koklea, ambayo hupokea sauti nyembamba mlangoni na nzito ndani zaidi. Hapo vokali zilianza kutengana. Mwaka 1991 Blake Wilson na wenzake walieleza namna ya kuzipa elektrodi umeme kwa zamu ili zisiingiliane, na ufahamu wa maneno ukapanda.

Kimo cha sauti kimebaki kigumu. Kiswahili, kisicho na toni, hakipotezi mengi. Kwa msemaji wa Ciluba, ambamo toni hutenga maana, upungufu huo una uzito mwingine.