Mafuta ya Mzeituni, Siagi na Jiko la Maskini



Juma hili tafakari yetu yatupeleka jikoni. Mjane wa Sarepta, tunayemsoma katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17, alikuwa amebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo chupani. Mafuta hayo yalikuwa ya mzeituni. Sisi tukiyaona dukani leo, huwa katika chupa ndogo yenye bei kubwa, nasi twaweza kudhani kwamba mjane yule alikuwa na kitu cha anasa. Sivyo. Katika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, mzeituni ulilimwa maelfu ya miaka kabla ya Kristo, na mafuta yake yalikuwa ya kila nyumba: ya kukandia mkate, ya kuungia dengu na mboga, ya kuwashia taa, ya kupaka jeraha.

Ni kati ya watu wenye majiko ya namna hiyo kwamba mfungo wa Kwaresima ulianza kukomaa. Waamini waliacha nyama, na kadiri ya desturi iliyoenea wakaacha pia mayai, maziwa, jibini na siagi, kwa kuwa navyo vyatokana na wanyama. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Akwino alieleza sababu za katazo hilo katika Summa Theologiae. Kwa mama wa kusini mwa Italia sharti hilo halikuwa zito mno: aliondoa nyama, akamimina mafuta ya mzeituni juu ya kunde, nyumba ikala.

Lakini Injili ilikwenda kaskazini, na mzeituni haukuweza kuifuata, maana mti huu hauvumilii baridi kali. Kaskazini mwa Ufaransa na katika Ujerumani watu walipikia siagi na mafuta ya nguruwe. Kwaresima ilipofika, vyote viwili vilikatazwa, na mafuta ya mzeituni yalipaswa kuletwa kutoka mbali, kwa gharama iliyomshinda maskini. Sheria ile ile, iliyokuwa nyepesi katika jiko moja, ikawa mzigo katika jiko jingine.

Viongozi wa Kanisa wakatoa ruhusa za kula siagi. Hapa tuseme ukweli bila kujificha: ruhusa hizo mara nyingi ziliambatana na fedha. Kanisa Kuu la Rouen, nchini Ufaransa, lina mnara ulioanza kujengwa mwaka 1485. Hadi leo waitwa Mnara wa Siagi, kwa kuwa yasimuliwa kwamba ulijengwa kwa sadaka za waliopewa ruhusa hiyo. Mwenye nacho alipaka mkate wake siagi kwa dhamiri tulivu. Asiye nacho alikula mkate mkavu. Mwaka 1520 Martin Luther alilalamika kwamba Roma iliwalisha wageni mafuta ambayo yenyewe isingepakia hata viatu, kisha ikawauzia uhuru wa kula siagi. Hatukubaliani naye katika mengi, lakini jeraha alilolitaja lilikuwa la kweli.

Kanisa limejifunza, ingawa polepole. Mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita, katika hati yake Paenitemini, alieleza kwamba sheria ya kujinyima inahusu nyama, wala haigusi mayai, maziwa wala mafuta ya kuungia, hata yatokanayo na wanyama. Mwaka 1972 alifika hata kwenye Sakramenti. Mpako wa Wagonjwa ulikuwa umedai mafuta ya mzeituni. Kwa maombi ya maaskofu wengi, ambao katika nchi zao mafuta hayo yaliadimika, aliruhusu mengine, mradi yatokane na mimea. Hivyo mafuta ya alizeti ya Singida, ya mawese ya Kigoma na ya nazi ya Pwani, tunayoungia mchicha majumbani mwetu, yaweza pia kubarikiwa kwa ajili ya mgonjwa.

Ndugu zangu, mfungo haupimwi kwa kilichoondolewa sahanini tu, bali pia kwa yule anayeubeba. Ijumaa ya Kwaresima baadhi yetu huacha nyama, kisha tukanunua samaki wa bei kupita ile nyama, na binti anayemkaanga akaambulia ugali na mchuzi. Huo nao ni mnara wa siagi, tena tumeujenga nyumbani. Mjane wa Sarepta alimpikia mgeni kwanza, kutoka katika akiba yake ya mwisho, na chupa yake haikukauka.

Tumwombe Mungu atujalie mfungo unaomshibisha jirani. Amina.