Picha moja ya busu na tani 45 za kufuli: Paris ilivyogeuka jiji la wapenzi

Kapo yoyote ikitua Paris, hata kama inakaa siku tatu tu, utaijua kwa posti zake. Kwanza mnara wa Eiffel kwa nyuma, jamaa kambeba mrembo wake juu juu. Pili mto Seine jioni, glasi mbili mezani. Tatu busu la katikati ya mtaa, watu wanapita na hamsini zao, wao wawili kama vile dunia haipo. Maneno hayazidi mawili, moyo mmoja mwekundu, kazi imeisha. Huku Dar na Nairobi simu zinaanza kulia. Wengine wanapongeza, wengine wananuna, na kuna kaka wa watu anaulizwa na mpenzi wake usiku huo huo: "Na sisi lini?"

Sasa nani alisema mapenzi lazima yapite Paris? Jiji lenyewe lina mvua, lina vibaka wa kuchomoa pochi kwenye treni, hoteli zake bei haishikiki, na ukitokea huku lazima kwanza uombe visa ya Schengen, utoe karatasi za benki uonekane una hela. Bado watu wanaenda. Kuna historia nyuma yake, na wengi wanaopiga picha pale hawaijui.

KABLA YA SELFI KULIKUWA NA KADI

Safari za kwenda kushangaa jiji si jambo la juzi. Mwaka 1855 Mwingereza Thomas Cook, aliyeanza biashara ya kuwasafirisha watu kwa makundi kwa treni, aliwavusha wateja wake mpaka Paris wakati jiji lina maonyesho makubwa ya dunia. Hapo ndipo mtu wa kawaida mwenye akiba kidogo alipoanza kuona kuwa na yeye anaweza kwenda kutembea Ulaya, si matajiri peke yao.

Mwaka 1889 yakaja maonyesho mengine, na safari hii Wafaransa wakasimamisha chuma kirefu kuliko jengo lolote duniani wakati huo, zaidi ya mita 300. Ndio huo mnara wa Eiffel. Leo unaonekana ni alama ya mapenzi, lakini ulipokuwa unajengwa wasanii wakubwa wa Paris waliandika barua ya kuupinga, wakiona unaharibu sura ya jiji. Na kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu, baada ya hapo ungeweza kubomolewa. Kilichouokoa si mapenzi, ni mawasiliano: ulifaa kubeba antena za kurushia mawimbi ya redio, jeshi likauona una faida, ukabaki.

Maonyesho ya 1889 yalipata wageni takriban milioni 32, na waliopanda mnara waliuziwa kadi zenye picha yake za kutuma nyumbani. Kadi inafika kwa jirani, jirani anaona, jirani anaumia roho. Ukifikiria vizuri, hiyo ndiyo posti ya enzi zile. Tofauti ni kwamba ilichelewa siku kadhaa.

BUSU LA 1950

Tuje kwenye picha yenyewe. Vita ya Pili ya Dunia imeisha miaka mitano tu iliyopita. Ufaransa ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na Paris ilikombolewa Agosti 1944. Watu wamechoka, maisha bado yanajengwa upya. Jarida la Life la Marekani linataka picha za wapenzi wa Paris, maana kwa Wamarekani wa wakati ule, watu kupigana mabusu barabarani mchana kweupe ilikuwa kitu cha kushangaza. Kazi anapewa Mfaransa Robert Doisneau.

Picha iliyotoka humo dunia nzima inaijua. Kijana kavaa koti, skafu shingoni, kamkumbatia binti kwa mkono mmoja na kumbusu wakiwa wanatembea, na watu wanawapita pembeni bila habari. Nyuma yao kuna jengo kubwa linaitwa Hôtel de Ville. Jina lisikuchanganye, pale hakulali mtu, ni makao ya utawala wa jiji. Agosti 1944 wapiganaji wa Paris walilishikilia jengo hilo dhidi ya Wajerumani, na Jenerali de Gaulle akahutubia humo siku jiji lilipokombolewa. Kwa hiyo mahali palipokuwa na risasi, miaka sita baadaye pana busu. Ndio maana picha ile inagusa hata mtu asiyejua historia yake.

Lakini ilipotoka 1950 haikuleta kelele yoyote. Ilikuwa moja kati ya picha kadhaa kwenye jarida, ikapita. Ikalala zaidi ya miaka 30. Mwaka 1986 kampuni moja ikaichapa kama bango, na hapo ndipo moto ukawaka. Nakala zikauzwa kwa mamia ya maelfu, zikabandikwa kwenye vyumba vya wanafunzi, migahawa, saluni, hadi kwenye vikombe na mito ya makochi. Kila aliyeiona akaamini kitu kimoja: Paris ukiwa na umpendaye, busu linakuja lenyewe.

KILA MTU AKADAI "NI SISI"

Kwa miaka yote hiyo wale wawili hawakuwa na majina. Doisneau hakuwataja. Matokeo yake, picha ilipopata umaarufu, watu kibao wakajitokeza wakisema ni wao. Kuna mke na mume walioamini kabisa kuwa walinaswa bila kujua siku wako kwenye mapenzi yao, wakampeleka mpiga picha mahakamani wakidai kapiga bila ruhusa.

Mzee wa watu ikabidi aseme ukweli ambao hakutaka kuusema: picha ilipangwa.

Haikuwa imetokea tu. Doisneau aliwaona vijana wawili waliokuwa wanasomea uigizaji, wapenzi kweli, wakibusiana. Akawafuata, akawaomba warudie mbele ya kamera. Wakazunguka naye sehemu tofauti za jiji, wakibusu hapa, wakibusu pale, mpaka mbele ya Hôtel de Ville. Yaani hata picha inayoitwa ya ghafla kuliko zote ilikuwa na "rudia tena, sogea kidogo, haya twende". Wale wanaowacheka mastaa wa leo kwa kupiga selfi arobaini ili waposti moja, wajue mchezo huu ni wa zamani.

Binti wa kwenye picha, ambaye kwa wakati huo alikuwa mama mtu mzima, akajitokeza. Ushahidi alikuwa nao: nakala halisi aliyopewa na Doisneau mwenyewe siku chache baada ya kupigwa, yenye muhuri wake. Naye akadai mahakamani agawiwe pato la picha. Akashindwa, kwa sababu alishalipwa kwa kazi ile mwaka 1950. Wale mke na mume nao walishindwa kesi yao.

Na yule kijana wa skafu? Waliachana baada ya miezi michache, hawakufika hata mwaka. Kila mtu akashika njia yake, akaoa na kuolewa kwingine. Busu ambalo mamilioni wamelitundika ukutani kama mfano wa penzi la milele lilikuwa la penzi ambalo halikudumu.

Lakini yule mama aliitunza picha yake zaidi ya miaka 50. Mwaka 2005 akaipeleka mnadani na ikauzwa euro 155,000. Penzi lilikwisha mapema, ila kipande cha karatasi kikamlipa uzeeni. Alifariki Desemba 2023 akiwa na miaka 93.

ZAMU YA KUFULI

Picha haikutosha. Watu wakataka kuacha kitu kwenye jiji lenyewe.

Kuna daraja la waenda kwa miguu linaitwa Pont des Arts, linaunganisha upande wa jumba la makumbusho la Louvre na upande wa pili wa Seine. Lilijengwa mara ya kwanza enzi za Napoleon, likakamilika 1804, na ndilo lilikuwa daraja la kwanza la chuma Paris. Zamani kulivuka ulilipia. Lilipigwa na mabomu, likagongwa na meli za mizigo mara kadhaa, mpaka 1979 sehemu yake ikaanguka. Linaloonekana leo ni jipya, lilifunguliwa 1984.

Kuanzia kama mwaka 2008, kapo zikaanza kuja na kufuli. Mnaandika majina yenu, mnafunga kwenye wavu wa ukingo wa daraja, mnabusiana, ufunguo mnautupa mtoni. Maana yake: penzi letu halifunguki. Wauza kufuli nao wakajaa, biashara ikanoga.

Wengi walidhani ni mila ya kale ya Kifaransa. Wala. Iliyoisambaza Ulaya ni riwaya ya Mwitaliano Federico Moccia iliyotoka 2006, ambapo vijana wawili wanafunga kufuli kwenye daraja la Ponte Milvio jijini Roma. Mwaka uliofuata ikatoka filamu, na vijana wakalivamia daraja la kweli. Nguzo ya taa ikaelemewa na uzito mwaka huo huo wa 2007.

CHANZO CHAKE NI KILIO

Ila kuna simulizi ya zamani zaidi, kutoka mji mdogo wa Vrnjačka Banja nchini Serbia. Inasemwa kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia mwalimu mmoja msichana aitwaye Nada alimpenda ofisa wa jeshi, Relja. Kila jioni walikutana darajani, wakachumbiana. Vita ikaja, Relja akaenda Ugiriki na jeshi. Huko akakutana na mwanamke wa kisiwa cha Corfu, akapenda upya, uchumba wa nyumbani ukavunjika. Nada hakupona jeraha lile, akafa kwa majonzi akiwa bado kijana.

Wasichana wa mji ule wakaogopa. Wakaanza kuandika majina yao na ya wapenzi wao kwenye kufuli na kuzifunga kwenye daraja lile lile, ili yaliyompata Nada yasiwapate.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo. Kufuli halikuanza kama sherehe ya watu waliopendana vizuri. Lilianza kama hofu. Mtu anayefunga kufuli ni mtu anayejua kuwa mlango unaweza kufunguka. Na ukiangalia sana, hata hizi posti za leo nyingine zina hofu hiyo hiyo ndani yake: tukiweka wazi mbele za watu, labda hataniacha.

SIKU UKINGO ULIPODONDOKA

Mapenzi ni mazito, na Paris ililijua hilo kwa kilo. Juni 2014 kipande cha ukingo wa Pont des Arts kikaanguka kwa uzito wa kufuli. Bahati nzuri hakuna aliyeumia, lakini chini ya daraja lile zinapita boti zimejaa watalii. Fikiria chuma kile kingemwangukia mtu kichwani. Mapema mwaka huo huo wanawake wawili wa Kimarekani waliokuwa wanaishi Paris walikuwa wameanzisha kampeni ya kupinga kufuli, wakisema wageni wanaliharibu jiji kwa jina la mapenzi.

Tarehe 1 Juni 2015 jiji likaanza kuziondoa. Makadirio yalikuwa karibu kufuli milioni moja, tani 45. Kapo zilizoapa "milele" zikaona kwenye habari milele yao inapakiwa kwenye gari. Wavu ukaondolewa, vikawekwa vioo, na kwenye kioo hakuna pa kufunga.

Mwaka 2017 jiji likapiga mnada sehemu ya kufuli zile, ikapatikana takriban euro 250,000 zikaenda kusaidia wakimbizi. Watu waliofika Paris bila tiketi wala hoteli, wengine wameacha wapenzi wao njiani, walisaidiwa na vyuma vya watu waliokuja kustarehe. Huenda hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi ambayo kufuli zile ziliwahi kufanya.

Daraja bado lipo, na siku hizi kulivuka ni bure. Kapo zinapita kila siku, zinashikana mikono, zinaangalia maji. Funguo zilizotupwa ziliingia mto huo huo. Ukipata nauli nenda, ni jiji zuri. Ukikosa nauli, wawili wa kwenye picha maarufu kuliko zote walikuwa na Paris nzima, walikuwa na mpiga picha mkali, na bado hawakumaliza mwaka. Huyo anayekupigia kila jioni kuuliza kama umekula, umeshawahi kumuona posti yake hata moja?