Mbwa Jike Anayelea Mtoto Mmoja

Mbwa jike wa kienyeji kwa kawaida huzaa watoto wanne, watano au zaidi, na mwili wake umeumbwa kwa ajili ya kulea kundi: chuchu nane hadi kumi, maziwa mengi, tumbo refu la kulaliwa na wengi kwa pamoja. Akizaa mmoja tu, au wengine wakifa siku za mwanzo akabaki mmoja, hana ulezi wa namna nyingine wa kumpa. Ulezi uliokusudiwa watano humwangukia yule mmoja, na hapo ndipo tabia za mama huyo huanza kuwachanganya wenye mbwa. Wapo wanaomwona amekuwa mkali kupita kiasi, na wapo wanaodhani amemkataa mwanawe.

Mlandege, katika Manispaa ya Iringa, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Ni kata yenye soko, nyumba zilizokaribiana na watoto wanaocheza uani kutwa nzima, na mbwa wake huzaa wapatapo nafasi: nyuma ya banda la kuku, chini ya rundo la mbao, pembeni ya jiko la nje. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi kali. Kwa mtoto wa pekee, baridi hiyo ni hatari kuliko njaa.

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa kipofu na kiziwi, na katika siku zake za kwanza hawezi hata kutetemeka ili ajipatie joto. Joto la mwili wake wiki ya kwanza huwa nyuzi 35 hadi 36 hivi, wakati la mama ni nyuzi 38 au 39. Watoto wengi hulaliana na kupeana joto mama anapotoka. Aliye peke yake hana wa kumlalia. Anapopoa, matumbo yake husimama kufanya kazi, sauti yake huisha, na nguvu ya kunyonya humtoka.

Mama mbwa hahesabu watoto. Kinachomwongoza ni mlio, joto na mdomo unaonyonya. Kwenye kundi la watano daima kuna mmoja anayelia, kwa hiyo mama huitwa kila mara, na wote hufaidika na kilio cha mmoja. Mtoto wa pekee akishiba hulala kimya, na mama akiwa nje hakuna sauti ya kumrudisha. Akipoa sana hawezi tena kulia, na mama akirudi akakuta mwili baridi usiosogea, anaweza kuusukuma pembeni kwa pua na kulala mbali nao. Hapo ndipo watu husema amemkataa. Mara nyingi mtoto huyo akipashwa joto polepole, kifuani mwa mtu au kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, akaanza kusogea na kulia, mama humpokea na kumlamba. Joto litangulie, maziwa yafuate. Mtoto aliyepoa akinyweshwa, maziwa hukaa tumboni bila kusagwa au huingia kwenye mapafu.

Upo pia upande wa pili, nao huonekana zaidi. Mbwa wengi wenye mtoto mmoja hawataki kumwacha. Siku mbili tatu za mwanzo hutoka kwenda haja tu na kurudi mbio. Mtoto hulambwa tena na tena, na kulamba huko kuna kazi yake: hadi wiki ya tatu hivi, mtoto hawezi kukojoa wala kunya bila kupapaswa na ulimi wa mama, na mama huyala yote hayo ili kiota kisinuke na kuita maadui. Lakini ulimi uliotosha watano, ukimwelekea mmoja saa zote, unaweza kuchubua kitovu ambacho hakijakauka. Na mama anayesumbuliwa na wageni huanza kumhamisha mwanawe, mdomoni, kutoka pembe hii hadi ile. Tiba ya hali hiyo ni kumpa mahali penye kivuli, kimya na ukuta nyuma yake, kisha kuwazuia watoto wa nyumbani na wa jirani wasimwendee.

Hatari ya uzao wa mmoja huanza kabla ya kuzaa. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na uchungu huanza pale watoto tumboni wanapotoa homoni zinazouambia mwili wa mama kwamba wakati umefika. Mtoto mmoja anaweza kutoa ishara hafifu mno. Siku zinapita, yeye anazidi kunenepa, na anapokuja kutoka hapiti. Ukimwona mbwa anasukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila kitu, au anatoka ute wa kijani kabla ya mtoto yeyote kuzaliwa, usingoje asubuhi. Kijani hicho huonyesha kwamba kondo limeanza kubanduka, na mtoto anakosa hewa. Daktari wa mifugo aitwe, kwa kuwa huenda upasuaji ukahitajika.

Maziwa nayo yana shida zake. Mtoto mmoja huchagua chuchu moja mbili anazozipenda na kuziacha nyingine. Zilizoachwa nyingi hukauka zenyewe, lakini baadhi hujaa, hukaza na kuuma, na bakteria wakiingia titi huwa jekundu na la moto, mama hupata homa, na hapo humfokea mwanawe akimsogelea. Ukali wa namna hiyo ni maumivu tu. Anayemtunza apitishe mkono kwenye matiti yote kila siku, na amhamishe mtoto kwenye chuchu zilizojaa kabla hazijawa ngumu. Titi likishakuwa jekundu, ni kazi ya daktari.

Kwa kuwa hana wa kugombania naye, mtoto huyo hunenepa upesi. Watu hufurahi, nami naona furaha hiyo ingepungua kidogo. Mtoto mzito juu ya sakafu laini ya saruji hukosa pa kukanyagia. Miguu hutawanyika pembeni, naye huburuta kifua badala ya kusimama akifika wiki ya tatu. Mtandikie gunia la katani au matambara yenye ukwaru. Mfuko wa salfeti huteleza, na haunyonyi mkojo.

Ulezi mwingi si lazima uwe neema. Mwaka 2017 Emily Bray na wenzake walichapisha matokeo kutoka The Seeing Eye, kituo cha New Jersey, Marekani, kinachofundisha mbwa wa kuwaongoza wasioona. Walifuatilia mama 23 na watoto wao 98. Watoto waliokumbatiwa mno na mama zao ndio walioelekea kushindwa mafunzo, na wale ambao mama zao walinyonyesha wakiwa wamesimama, mtoto akilazimika kuifuata chuchu, walifaulu zaidi. Utafiti wa mwaka 2016 juu ya mbwa wa jeshi la Uswidi ulisema jambo tofauti: waliopata ulezi mwingi walikuwa wachangamfu zaidi mbele ya watu walipokua. Mbwa hao walitofautiana aina na kazi, kwa hiyo sioni sababu ya kuchagua upande mmoja. Ninachokichukua ni kwamba mama anapoanza kusimama, kuondoka na kumkoromea mwanawe kuanzia wiki ya nne, anafanya kazi yake, na asirudishwe kwa nguvu kwenda kulala naye.

Wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili ndizo za kujifunza dunia. John Paul Scott na John Fuller waliziandika kwa kirefu katika kitabu chao cha 1965, baada ya miaka mingi ya kazi Bar Harbor, Marekani. Katika wiki hizo ndugu hung'atana, aliyeumizwa hulia, mchezo husimama, na aliyeng'ata hujua kiasi cha meno yake. Mtoto wa pekee hana mwalimu huyo. Mama hujaribu kuziba pengo: hucheza naye, hulala chali akamwacha amrukie, kisha akizidi humbana shingoni bila kumjeruhi. Msaada mkubwa kuliko wote ni mtoto mwingine wa umri wake. Mbwa jike mwenye maziwa hupokea wa kambo kwa urahisi, hasa wakiwa chini ya wiki mbili na wakiwa wamefutwa kwa kitambaa chenye harufu ya kiota chake. Mtaani, jirani akiwa na mbwa aliyezaa wanane, wote wawili wangenufaika.

Mama huyu anayelinda kitu kimoja hung'ata upesi. Jeraha lolote lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakitibiki. Shirika la Afya Duniani linataka kampeni za chanjo zifikie walau asilimia 70 ya mbwa, wakiwemo watoto walio chini ya miezi mitatu, basi wa pekee naye apelekwe. Dawa ya minyoo ianze wiki ya pili, kwani minyoo hupita kutoka kwa mama kupitia mji wa uzazi na maziwa, na mayai yake huwadhuru watoto wa binadamu wanaocheza kwenye mchanga huohuo.

Wanaotaka kumchukua wangoje wiki ya nane. Siku ya kuachana, mama mwenye watoto wengi huwa ameshawapunguza mmoja mmoja. Huyu hunyang'anywa wote kwa mara moja, na anaweza kuzunguka uani akinusa na kulia kwa siku kadhaa, matiti yakiwa bado yana maziwa. Apunguziwe chakula siku hizo, asikamuliwe, kwani kukamua huita maziwa mengine. Yakiachwa hukauka ndani ya wiki moja au mbili.