Mabaka ya magari ya jeshi: yanavyopulizwa na yanavyofanya kazi

Ukisubiri pantoni pale Magogoni, mara mojamoja utaona gari la jeshi likishuka kutoka Kigamboni, iliko kamandi ya Jeshi la Majini. Katikati ya bajaji, daladala na matenga ya samaki, gari lenye mabaka ya kijani, kahawia na nyeusi ndilo linaloonekana kuliko yote. Ndiyo maana wasikilizaji wetu huuliza: rangi hii inaficha nini? Na mafundi rangi wa Gerezani na Kariakoo wana swali lao: mteja akileta gari lake lipigwe mabaka, tupokee kazi au tukatae?

Kazi ya mabaka

Jicho la binadamu hutafuta umbo kwanza. Lori hata likipakwa kijani kitupu hubaki boksi: lina kingo zilizonyooka, magurudumu ya duara na kivuli cheusi chini ya tumbo. Porini hakuna kitu cha namna hiyo. Mabaka hayajaribu kuligeuza gari kuwa mti. Yanavunja kingo zake, ili anayetazama kwa mbali asijue gari linaanzia wapi na linaishia wapi.

Kwa hiyo baka la gari huwa kubwa kuliko la nguo. Madoa madogo yakitazamwa kwa mbali huchanganyika na kuwa rangi moja, na boksi linarudi. Rangi nazo hufuata ardhi: kijani na kahawia kwa msitu, rangi ya mchanga kwa jangwa. Katikati ya jiji la Dar es Salaam mabaka ya msitu hayana pa kujificha, na hayakutengenezwa kwa ajili ya huku.

Kilichosukuma ufundi huu ni ndege. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1915, jeshi la Ufaransa liliunda kikosi cha wachoraji kikiongozwa na Lucien-Victor Guirand de Scévola, kazi yake kuficha mizinga isionwe kutoka angani.

Huku kwetu vita hiyohiyo iliacha somo lake. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Mabaharia waliifunika kwa matawi ili ifanane na mikoko. Ilidumu miezi mingi, lakini ndege ziliigundua, na tarehe 11 Julai 1915 iliangamizwa na meli za Waingereza zilizokuwa zikielekezwa shabaha na ndege. Matawi yalikuwa yameficha umbo kwa anayetazama kutoka baharini, si kwa aliye juu.

Hatua za kupuliza

Kwanza gari huoshwa na kuondolewa mafuta yote, kwa sababu rangi haishiki kwenye grisi. Kutu huondolewa, bodi hupigwa msasa, na vioo, taa na mipira hufunikwa kwa karatasi na tepu. Baada ya praima hupulizwa rangi ya msingi juu ya gari zima, mara nyingi ile inayochukua sehemu kubwa ya mchoro.

Ikikauka, fundi huchora mipaka ya mabaka kwa chaki. Hapa hakuna kubuni. Majeshi makubwa huwa na mchoro maalumu kwa kila aina ya gari, unaoonyesha upande wa kulia, kushoto, mbele, nyuma na juu. Miaka ya 1980 majeshi ya Marekani na Ujerumani Magharibi yalianza kutumia mchoro wa rangi tatu, kijani, kahawia na nyeusi, ambao umesambaa sana duniani. Fundi huhakikisha baka linavuka kona: likianzia mlangoni lipande hadi kwenye paa, likianzia boneti lishuke kwenye ubavu. Baka likiishia kwenye kona linaikoleza kona badala ya kuivunja.

Kisha kila rangi hujazwa ndani ya mipaka yake. Rangi lazima isiwe na mng'ao hata kidogo, maana gari linalong'aa juani huonekana kabla mabaka hayajafanya kazi. Rangi za kisasa za kijeshi hutengenezwa pia zirudishe mwanga wa infraredi kwa kiwango kinachokaribia cha majani mabichi. Kijani cha kawaida cha dukani kinaweza kufanana na jani machoni, lakini kwenye darubini ya usiku kikatofautiana nalo kabisa.

Hata hivyo rangi peke yake haitoshi. Vioo humeremeta, injini hutoa joto, matairi huacha alama na vumbi huinuka. Ndiyo maana askari huongeza nyavu na matawi, na huegesha gari kivulini.

Fundi wa mtaani afanye nini

Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi yanayofanana na sare za majeshi. Tamko lile lilihusu mavazi, lakini hoja yake inaeleweka kwa fundi pia: mabaka ni utambulisho, na mhalifu anayefanana na askari hufunguliwa milango. Ushauri wetu ni kukataa kazi hiyo, iwe gari zima au pikipiki. Mteja akisisitiza, aende polisi kwanza arudi na kibali cha maandishi. Kumbuka pia kadi ya gari huandikwa rangi, na rangi ikibadilika mwenye gari anapaswa kutoa taarifa TRA.

La mwisho linahusu kifua chako, hata ukipuliza nyeupe tupu. Rangi nyingi za magari zinazochanganywa na hadna zina aisosayaneti, kemikali inayosababisha pumu. Inaweza kukudhuru kabla hujasikia harufu yoyote, na ikishakuathiri, kiasi kidogo tu kinatosha kukubana pumzi. Leso au barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake. Inayofaa zaidi ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya eneo la kupulizia. Pulizia mahali penye upepo, mbali na mama ntilie na watoto, vaa glavu na mikono mirefu. Ukianza kukohoa au kubanwa kifua jioni baada ya kazi, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba unapuliza rangi. Usiseme ni vumbi la Kariakoo tu.