Kipandauso huwapata vijana wa kiume pia

MVUVI wa dagaa wa Musoma anaporejea alfajiri huku kichwa kikimgonga upande mmoja, akitapika na kuukimbia mwanga, neno la kwanza linalotajwa nyumbani ni malaria. Ndivyo ilivyo pia kwa dereva wa bodaboda wa Bunda na mkulima wa Butiama. Katika Mkoa wa Mara, ambako malaria haijaondoka, dhana hiyo haishangazi. Lakini maumivu hayo yakirudi mara kwa mara na kipimo kikionyesha kila mara kuwa hakuna vimelea, yafaa kukifikiria kipandauso.

Kiasi cha vijana wa kiume wenye maradhi hayo hutegemea ni akina nani wanaohesabiwa. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika vijiji vinavyohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwahusisha watu 7,412. Asilimia 4.3 kati yao walikuwa wamepata kipandauso ndani ya miezi 12, na wanawake walikuwa karibu mara tatu ya wanaume. Hapo ndipo ilipopata nguvu imani kwamba haya ni maradhi ya akina mama.

Hata hivyo, hesabu hugeuka wanapotazamwa wale tu waliokwenda kutibiwa. Katika utafiti wa kimataifa wa mwaka 2004, wagonjwa 377 wa maumivu ya kichwa ya kuja na kuondoka waliweka kumbukumbu za maumivu yao. Asilimia 94 walibainika kuwa na kipandauso au hali inayokaribiana nacho sana. Hawakuwa watu wa Mara, wala hawakuwa vijana wa kiume peke yao, lakini funzo lake kwa tabibu linaeleweka: mwanamume ni nadra zaidi kuugua, ila akishafika zahanati kwa maumivu makali yanayojirudia, jinsia yake si sababu ya kukiondoa kipandauso katika orodha.

Kipandauso kisichotibiwa hudumu kati ya saa 4 na 72. Maumivu hupwita, aghalabu upande mmoja, huzidi mtu anapotembea au kupanda ngazi, na huandamana na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Kukosa usingizi, kuruka mlo na upungufu wa maji huweza kuyachochea. Na kazi ya kuvua usiku kwa taa, ukweli usemwe, ina yote matatu.

Hakuna kipimo cha damu kinachokithibitisha. Daktari hutegemea maelezo, na kijana anayesema tu "kichwa kinauma" huondoka na dawa mseto au vidonge vya maumivu. Vidonge hivyo navyo, vikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi kadhaa, huzaa maumivu mapya ya kichwa. Ibuprofen au aspirin hufaa zaidi zikimezwa mapema shambulio linapoanza. Kwa anayeshambuliwa mara nyingi, daktari anaweza kuandika propranolol ya kumezwa kila siku, isipokuwa kwa mwenye pumu.

Maumivu yanayolipuka ghafla, au yanayoambatana na homa na shingo kukakamaa, degedege, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, si ya kusubiriwa nyumbani. Vivyo hivyo maumivu mapya yanayozidi siku hadi siku kwa mtu anayeishi na virusi vya ukimwi, kwani huenda ikawa homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi.